Akiba Yetu Iliyowekwa London



Wako wasemao kwamba Bodi ya Fedha ya Afrika ya Mashariki, iliyowekwa London mwaka 1919, ilitufadhili kwa kutupa shilingi imara. Sisi makarani, tujuao maana ya daftari, twakataa.

Kila shilingi mpya, iwe mshahara wa karani wa Masasi au bei ya ufuta wa mkulima wa Newala, iliwekewa kwanza dhamana ya pauni London. Pauni zile zilinunua hati za mikopo za huko. Hadi mwaka 1955 hazikuruhusiwa kukopeshwa serikali zetu. Riba ilikuwapo, lakini akina mama wa uwanda wa Makonde waliendelea kuteremka mabondeni kuteka maji. Basi maskini alimkopesha tajiri, kisha akaambiwa ashukuru!

Septemba 1949 pauni iliposhushwa kutoka dola 4.03 hadi 2.80, shilingi yetu ilishuka nayo. Nani wa Newala aliyeulizwa?

Tangu 1966 tuna Benki Kuu yetu. Hata hivyo yatupasa kuuliza daima: akiba ya mkulima iko wapi, na ufunguo kashika nani?