Kiburu, Mbege na Kinga ya Mwili

Katika miji mingi ya Tanzania mlo wa ndizi na maharage huhesabiwa kuwa chakula cha mtu asiye na uwezo, na sahani ya vibanzi na soseji huhesabiwa kuwa dalili ya maendeleo. Hesabu hiyo ina kosa, na sasa kosa hilo limeonekana ndani ya damu.

Mwezi wa Aprili 2025, jarida la Nature Medicine lilichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa kaskazini mwa Tanzania na wataalamu wa Moshi wakishirikiana na wenzao wa Uholanzi. Walishiriki wanaume 77 wenye afya njema. Watu wa vijijini, waliozoea vyakula vya asili, walipewa kwa wiki mbili mlo wa mtindo wa nchi za Magharibi. Watu wa mjini wakafanya kinyume chake. Kundi la tatu likanywa mbege kwa wiki moja. Na wachache wakaendelea na mlo wao wa kawaida ili wawe kipimo cha kulinganishia. Katika damu ya walioacha chakula cha asili ziliongezeka protini zinazoashiria mchochota, na chembechembe zao za kinga zikawa dhaifu katika kuvikabili vijidudu. Kwa waliorudia chakula cha asili, na kwa wanywaji wa mbege, viashirio hivyo vilipungua, na baadhi ya mabadiliko yalikuwapo bado wiki nne baadaye.

Mchochota wenyewe si adui. Mtu akichomwa na mwiba, mahali pale huvimba, huwa pekundu, hupata joto na kuuma, kwa kuwa damu na chembechembe nyeupe zimekimbilia huko kupambana na vijidudu. Kazi ikiisha, moto huzimika. Ubaya umo katika mchochota wa chini kwa chini, usio na mwiba wala mwisho, ambao huambatana na maradhi ya moyo na kisukari cha aina ya pili.

Chakula huingiaje hapo? Nyuzinyuzi za maharage, ndizi, ulezi na mboga za majani hazimeng'enywi katika utumbo mwembamba. Hufika katika utumbo mpana, ambako bakteria huzichachusha na kutoa asidi fupi za mafuta. Mojawapo, iitwayo butireti, ndiyo lishe kuu ya chembechembe zinazotanda ukuta wa utumbo huo, na asidi hizo husaidia pia kuutuliza mchochota. Kiburu cha Wachagga, ambacho ni ndizi na maharage katika chungu kimoja, kina nyuzinyuzi tele. Sembe imepoteza sehemu kubwa ya nyuzinyuzi za mahindi. Mlaji wake hulipa fedha ili apunguziwe chakula, na pumba zikanenepeshe ng'ombe wa jirani.

Uchunguzi ule ulikuwa wa wanaume peke yao, tena wa muda mfupi, na haukupima nani aliugua na nani alipona. Mbege ni pombe, na hakuna mwanafunzi atakayepata ruhusa humo. Wala wauzaji wa unga wa "kuongeza kinga" hawana haki ya kuyatumia matokeo hayo, maana hakuna mlo unaoshika nafasi ya chanjo.

Hata hivyo, shule hazina sababu ya kungoja. Maharage tayari yamo katika majiko ya shule nyingi za bweni. Kinachokosekana mara nyingi ni mboga za majani na unga usiokobolewa. Dona haidai gharama ya kukoboa, ila ina masharti yake. Mafuta ya kiini cha mahindi huifanya ichache upesi, kwa hiyo yafaa isagwe kidogo kidogo. Na kwa kuwa kukoboa huondoa sehemu ya sumukuvu, atakayeacha kukoboa hana budi kuyakausha mahindi yake barabara na kuyachambua, punje zilizooza zitupwe kabla gunia halijafika mashineni.