Akitoka Gerezani, Nani Humpokea?



Nilikuwa safarini kwenda Nairobi, nikateremka Makindu kusali adhuhuri. Nilipotoka msikitini alinijia mama mmoja wa makamo. Mwanawe aliwahi kufungwa kwa unyang'anyi, akatoka, na sasa yumo rumande kwa shitaka kama lile.

"Shekhe," akaniuliza, "kosa la kwanza si amekwisha kulilipia? Mbona naambiwa litamzidishia adhabu ya hili la leo?"

Nikamjibu: Mama, hahukumiwi mara mbili. Kesi inaposikizwa, kosa la leo sharti lithibitishwe kwa ushahidi wa leo. Kwa kawaida upande wa mashtaka hauruhusiwi kuyatoa ya zamani ili kumtia hatiani. Akishapatikana na hatia, hapo ndipo huulizwa kama ana rekodi. Asiye nayo huomba kuhurumiwa kwa kuwa ni kosa lake la kwanza, na ombi hilo lina uzito mbele ya hakimu. Mwanao hana tena neno hilo la kusema.

Na sheria yenyewe ni nzito. Kwa kifungu cha 296 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, unyang'anyi mtupu ni kifungo cha hadi miaka 14. Lakini mtu akiwa na silaha ya hatari, au akiwa na mwenzake, au akimjeruhi aliyemwibia, huo ni wizi wa kimabavu, na adhabu iliyoandikwa ni kifo. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliondoa ulazima wa hukumu ya kifo katika kesi za mauaji. Mwaka 2021 ikabainisha kuwa uamuzi ule hauhusu makosa mengine. Kweli, tangu 1987 hapana aliyenyongwa nchini, lakini kuzeekea gerezani si jambo dogo.

Nami nikamuuliza: "Siku ile alipotoka, nani alikwenda kumpokea?"

Akainamisha kichwa. "Wenzake," akasema.

Ndugu zangu, hapo ndipo penye mzigo wetu. Katika Suratul Maida, Mwenyezi Mungu amewatenga na adhabu ya waporaji wale waliotubu kabla ya kutiwa mkononi. Basi wakati wa toba ni ule wa kabla ya pingu, na wakati huo kijana yumo majumbani mwetu. Kazi haipati, kwa kuwa anadaiwa cheti cha maadili mema. Posa yake hurejeshwa. Msikitini husogelewa na shaka. Mlango pekee usiofungwa ni wa wale waliompoteza.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufunza kumsaidia ndugu aliyedhulumiwa, na hata dhalimu pia, kwa kumzuia asidhulumu. Basi mwana akitoka, mzazi awe wa kwanza langoni, mjomba amtafutie fundi wa kumfunza kazi, jirani aitikie salamu yake. Na aliyeporwa asisahauliwe: haki yake irudishwe.

Mama yule nilimuusia asinunue shahidi wa uongo, bali amtafutie mwanawe wakili na asiache kumzuru.

Wabillahi tawfiq.