Upinde wa Waboni si ushamba

Wadau, nimechoka. Mtu akiona video ya ule upinde wa Kichina unaofyatua mishale mfululizo anapiga kelele "semi-otomatiki!" Huyo huyo ukimwonyesha upinde wa Waboni (wenyewe hujiita Aweer) wa Ijara, Garissa, anasema ni ushamba. Mimi naandika programu, nakula kwa hesabu. Basi tuhesabu.

Ule wa Kichina, zhuge nu, una kasha la mishale juu na wenzo. Sukuma wenzo mbele, kasha linanasa upote. Vuta nyuma, upote unakaza na mshale unadondoka mahali pake kwa uzito wake tu. Mwisho wa mvuto kijiti kinausukuma upote utoke kwenye pengo, mshale umekwenda. Kazi safi. Lakini semi-otomatiki wapi? Bunduki ya aina hiyo hujipakia kwa nguvu ya risasi iliyotangulia. Hapa kila mshale unalipiwa na mkono wako.

Na malipo si madogo. Upinde wa kilo 50 ukivutwa sentimita 60 unaweka akiba ya jouli 150 hivi. Mvuto wa upinde wa kasha ni mfupi, tuseme sentimita 20. Ukitaka jouli zile zile unahitaji kilo 150! Wenzo utapunguza uzito, sawa, ila mkono utasafiri mbali zaidi. Nishati ya bure hakuna. Ndiyo maana ulitengenezwa dhaifu, na mishale yake kwa kawaida haina manyoya, yangekwama kwenye kasha. Wachina wenyewe walilijua hilo, wakaipaka sumu.

Sumu! Suluhisho lile lile la mwindaji wa Kiboni. Mwaka 1888 Mfaransa Arnaud alitenga sumu ya mti wa mishale akaiita ouabaine, kutokana na neno la Kisomali waabaayo. Huzima pampu ya sodiamu na potasiamu kwenye seli za moyo, na Ulaya waliigeuza dawa ya moyo. Huo ndio ushamba?

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Operesheni Linda Boni ya 2015 ikawafungia wengi msitu. Mafundi wa pinde wanazeeka. Kupima upinde hakuhitaji mnyama: mizani ya kuning'iniza, futi kamba na gunia la mchanga. Chuo Kikuu cha Garissa kiko kaunti hiyo hiyo. Wanafunzi wa sayansi, mnangoja video ya nani?