Msiutwike Moto Mzigo Usio Wake

Machi 2024, katika Kisiwa Panza huko Pemba, watoto 8 na mwanamke mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Wengine zaidi ya 70 walifikishwa hospitali. Novemba 2021 Pemba hiyohiyo ilikwisha kuzika watu 7 kwa sababu hiyohiyo. Nina hakika ukiichukua habari hii ukaiweka barazani kwetu kusini mwa Somalia, mjini Kismayo au visiwani Koyama, Chovai au Chula, wa kwanza kufungua mdomo atasema: "Haikuiva vyema."

Hilo ndilo ninalolipinga leo. Pwani yetu hakuna alaye kasa mbichi. Tumekulia katika imani kwamba moto ukikolezwa na chungu kikatokota vya kutosha, hakuna kibaya kitakachosalia ndani. Imani hiyo ndiyo inayonunua samaki wa jioni aliyelala juani tangu asubuhi, inayopasha mwiku mara ya tatu, inayopeleka kinuni mahindi yaliyoshika kuvu. Tena si imani ya wavivu. Utaikuta kwa wapishi hodari, mama zetu na shangazi zetu ambao majiko yao yanang'aa.

Moto una heshima yake na siivunji. Maji ya kisima yakichemshwa, vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo hufa, na mji kama Kismayo unajua vyema kipindupindu ni nini. Hapo tulijifunza kuuamini moto na hatukukosea. Tulipokosea ni kudhani kwamba kila kinachodhuru ndani ya chakula kina uhai. Bakteria ni kiumbe hai, atakufa. Sumu aliyokwisha kuitoa haikuwa na uhai, sasa itakufaje? Kupika samaki mwenye sumu hiyo ni kumuua nyoka baada ya kuuma: nyoka kalala chini, sumu imo mguuni.

Chukua jodari. Yeye, sehewa, vibua na nguru wana katika nyama yao kitu kiitwacho histidini, ambacho hakina neno samaki akiwa hai. Akifa na kukaa kwenye joto, bakteria waliomo matumboni na kwenye matamvua huigeuza histidini hiyo kuwa histamini. Histamini haina harufu wala haibadilishi rangi ya nyama. Kukaanga hakuiondoi, kuoka hakuiondoi, kuigandisha ni bure, na hata moto wa kiwanda cha samaki wa mikebe huiacha ilipo. Mlaji akisha kula, pengine baada ya dakika chache tu, uso humwaka, kichwa kinamgonga, moyo unakwenda mbio, ngozi inatoka vipele. Mara nyingine ulimi huhisi pilipili ambayo mpishi hakuitia. Kesho yake kapona, kwa hiyo hakuna anayeuliza. Watasema samaki amemkataa. Wakikosa la kusema, watamtaja jirani aliyemtazama vibaya alipokuwa akila.

Mamlaka ya chakula ya Marekani huwaelekeza wavuvi kwamba samaki wa aina hii, akikutana na hewa au maji yenye joto linalopita nyuzi 28, aingie barafuni kabla ya kupita muda wa saa sita tangu kufa kwake. Kwetu nyuzi 28 ni siku ya kawaida. Basi hesabu mwenyewe: jodari kanaswa alfajiri pande za Chovai, kalazwa ndani ya chombo juani, mashine imekorofisha njiani, kaingia soko la Kismayo adhuhuri, kauzwa alasiri. Na akiwa ni wa wavu uliolala usiku kucha, saa zake zinahesabiwa tangu alipofia wavuni, si tangu alipopakiwa. Huyo ndiye tunayemnunua kisha tukaongeza kuni.

Mnunuzi wetu huinua shavu la samaki, hutazama wekundu, hunusa. Vizuri, asiache. Lakini hayo yatamwambia kama samaki ameanza kuoza, histamini hayatamwonyesha. Swali la kumwuliza muuzaji ni hili: kafa lini, na barafu kaiona lini? Muuzaji atacheka. Aulizwe vivyo hivyo.

Halafu kuna ndimu. Samaki akitoa shombo, tunampaka ndimu na shombo linakwisha, tukaamini tumemsafisha. Shombo lile linatokana na kitu cha jamii ya magadi, na ndimu ni asidi. Vikikutana, harufu inakatika. Histamini haikuguswa. Yaani tumeifuta dalili moja iliyokuwa upande wetu, kisha tukaongeza tangawizi ili tusisikie kitu kabisa.

Chumvi nayo tumeipa kazi hiyohiyo. Watu wa bandarini wanalijua jambo hili ila hawapendi kulisema: mara nyingi samaki aliyekosa mnunuzi jioni ndiye anayepasuliwa kesho yake akatiwa chumvi. Ng'onda, chakula kilichowalisha watu wa visiwani wakati wa kusi bahari inapochafuka, kimegeuzwa kimbilio la samaki aliyekwisha kuharibika. Chumvi na jua hunyonya maji hadi bakteria washindwe kuzaana. Walichokwisha kukitengeneza hakinyonywi. Ng'onda wa kweli hupasuliwa mara tu anaposhuka chomboni, akaoshwa kwa maji safi, akatiwa chumvi saa ileile, akaanikwa juu ya chanja, upepo umpite juu na chini, si kumtandaza mchangani. (Samaki mkunje angali mbichi, tunawaambia wazazi. Tumeitumia methali hiyo kwa watoto mpaka tukaisahau kwa samaki mwenyewe.)

Sasa niingie kwenye wali, na hapa najua nitatafuta maadui. Mchele huja na mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus. Mbegu hizo hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukiachwa vuguvugu ndani ya sufuria, zinaamka, bakteria wanazaana na kutoa sumu iitwayo sereulidi. Sumu hiyo imejaribiwa kwa joto la nyuzi 121 kwa dakika 90 na haikutikisika, na sufuria lako la maji halipiti 100. Anayeila hutapika, aghlabu kabla ya saa sita kupita. Waulizeni wapishi wa shughuli, wale wanaopika pilau usiku wa manane kwa ajili ya wageni wa mchana, wakalifunika sufuria kubwa likiwa linafuka moshi ili "lisipoe". Halipoi kweli. Katikati yake hubaki vuguvugu hadi asubuhi, na hilo ndilo joto ambalo bakteria huyu analitafuta. Mchana watalipasha, litafuka tena, na wote watasema bismillahi.

Mwiku siupigi marufuku. Mwiku ni mtamu, na mwenye kutupa wali katika nchi iliyoona njaa ya 2011 ana la kujibu. Ninachokipinga ni mahali unapolala. Wali uliobaki utandazwe juu ya sinia upoe upesi, ufunikwe kwa kawa nzi wasitue, kisha uingie kwenye friji usiku uleule, na asubuhi upashwe mara moja tu. Nyumba isiyo na friji ipime mchele kwa idadi ya midomo. Kupika kidogo si ufukara.

Mahindi nitayapitia haraka kwa sababu ushahidi wake ni mzito kupita wote. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa aflatoksini, sumu ya kuvu wa nafaka. Ugali wao uliiva. Mahindi ya bonde la Juba yakifukiwa shimoni kabla ya kukauka sawasawa hupata kuvu huyohuyo, na hakuna jiko la nyumbani lenye joto la kuivunja sumu yake. Punje iliyoshika kuvu ni ya kutupwa, wala usimpe kuku.

Kasa ana kesi yake peke yake. Sumu yake haitokani na kulala juani. Wataalamu wanadhani huipata kwa anachokula baharini, na anayetajwa zaidi ni ng'amba, yule ambaye magamba yake pwani hii imeyauza kwa wageni kwa karibu miaka elfu mbili. Nyama yenye sumu haina ladha tofauti. Dawa ya kuizima haipo, na huweza kumfikia mtoto kwa maziwa ya mama aliyeila. Wabajuni wa visiwa vyetu walikuwa mabingwa wa kumvua kasa kwa kumtumia samaki taza, waliyemfunga kamba mkiani na kumwachia akamng'ang'anie kasa. Ustadi huo nauvulia kofia. Lakini kujua kumvua kasa si kujua yupi kati yao ana sumu.

Nimekwisha kulisikia jibu: "Wazee wetu walikula hivyohivyo na wakafika miaka tisini." Waliofika tisini ndio tunaowahesabu, waliokufa wachanga kwa "tumbo" hawapo barazani kutoa ushahidi. Tena si kweli kwamba walikula hivyohivyo. Mzee wa Koyama alikula samaki aliyevuliwa mchana ule, nyumba yake hatua chache kutoka chomboni. Tangu vita vya 1991 watu wa visiwa wametawanyika, wengine hadi iliyokuwa kambi ya wakimbizi ya Jomvu kule Mombasa, wengine wakabanana Kismayo mjini, na samaki naye akaanza safari ndefu zaidi: chomboni, pwani, kwa mchuuzi, sokoni, mkokotenini. Umbali kati ya ndoana na sufuria umeongezeka, nasi tunapika kwa imani ya zamani.

Jibu la pili ni zito zaidi: barafu ni ghali. Ni ghali kweli, na mvuvi asiyelipwa zaidi kwa samaki wa barafu hana sababu ya kuibeba. Lakini mnunuzi wa ng'ambo akitaka kamba koche, barafu hupatikana, deli hupatikana, na chombo huwahi kurudi. Barafu huenda anakotakiwa samaki wa barafu. Mnunuzi wa mtaani haidai, kwa kuwa ana jiko nyumbani na analitegemea.

Ningependa soko la Kismayo liwe na meza mbili za jodari: ya waliotiwa barafu tangu chomboni, na ya wasiotiwa, kila moja na bei yake. Najua meza ya pili ndiyo itakayokwisha kwanza, kwa urahisi wake. Hata hivyo, hakuna muuzaji atakayeweza tena kukuambia kwamba samaki wote ni mamoja ukiwapika vyema.