Samaki Mmoja Akioza

Waswahili husema samaki mmoja akioza, huoza wote. Methali hiyo ni kweli kwa samaki waliomo katika tenga moja. Ajabu ni kwamba kila tunapovamiwa na magaidi, husikika ikisomewa binadamu, hasa wakazi wa Eastleigh na mitaa jirani ya mashariki mwa Nairobi.

Hakuna apuuzaye janga la ugaidi. Mnamo Agosti 7, 1998, watu 213 waliangamia hapa Nairobi ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa. Septemba 2013, wengine 67 waliuawa Westgate. Ni wajibu wa serikali kuwalinda raia. Swali ni je, iwalinde kwa njia gani?

Aprili 2014, baada ya milipuko kutokea Eastleigh, polisi walianza msako wa nyumba kwa nyumba walioupa jina la Usalama Watch. Takriban watu 4,000 walikamatwa, wengi wao Wasomali, na uwanja wa michezo wa Kasarani ukageuzwa kizuizi. Katiba ya 2010 yataka mshukiwa afikishwe mahakamani katika muda wa saa 24, lakini wengi walikaa humo siku kadhaa bila kumwona hakimu.

Je, usalama ulipatikana? Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Mmoja wa wauaji alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Babake, ambaye alikuwa chifu, alikuwa amekwisha kupiga ripoti kwamba mwanawe ametoweka. Na katika shambulio la Dusit la Januari 2019, mmoja wa washambulizi alikuwa mwana wa askari wa jeshi letu. Watu kama hao hawanaswi kwa kuuzingira mtaa.

Methali itufaayo basi ni nyingine: kikulacho ki nguoni mwako. Aijuaye nguo ni aliyeivaa, yaani mzazi, jirani na mwalimu. Hao ndio wa kwanza kutambua kijana anapobadilika. Lakini nani atakwenda kituoni kutoa habari, ikiwa ahofia kutiwa pingu yeye mwenyewe kwa sababu ya jina lake?

Hapa lugha ina kazi. Katika Kiswahili, gaidi kwa asili ni mnyang'anyi awaviziaye watu njiani. Mtu huitwa hivyo kwa tendo lake, wala si kwa kabila, dini au mtaa wake. Mwanafunzi amwitapo mwenzake "Al-Shabaab" kwa kuwa amevaa buibui, mwalimu asicheke wala asinyamaze. Utani huo humfunza mtoto kwamba hatia hurithiwa.

Tukumbuke pia yaliyotokea Mandera mnamo Disemba 21, 2015. Magaidi walisimamisha basi lililotoka Nairobi, wakataka Waislamu na Wakristo watengwe. Abiria Waislamu walikataa. Miongoni mwao alikuwa mwalimu, Salah Farah, aliyepigwa risasi na kufariki Januari iliyofuata.

Kuwatenga watu kwa majina na dini zao ndiyo kazi waliyoijia magaidi siku ile. Mwalimu yule alikataa kuwasaidia. Sisi tulio madarasani, na polisi wetu walio barabarani, tusiwafanyie kazi hiyo.