Tuzo kwa Gemu Isiyochezeka

Shindano moja la vijana watengenezaji wa gemu jijini Dar es Salaam limetoa zawadi ya kwanza kwa gemu ambayo hakuna mtu aliyeicheza. Mshindi alileta picha nzuri, video fupi na maelezo ya kurasa nyingi: Vita vya Majimaji, ramani ya kusini yote, mamia ya wahusika, wachezaji wakikutana mtandaoni. Aliyeleta bao la kwenye simu akaondoka mikono mitupu. Bao lake linafunguka, linachezeka, mshindi anapatikana, unaanza upya. Jaji mmoja akamshauri afikirie makubwa.

Uamuzi ule ni mbaya, na atakayeumia zaidi ni mshindi mwenyewe. Anayeanza kutengeneza gemu aanze na ndogo, ndogo kwelikweli, ya kumalizika kwa wiki chache. Akiimaliza, afanye nyingine.

Hoja za upande wa pili zinajulikana. Ndoto kubwa humpa mtu ari. Eric Barone wa Marekani aliitengeneza Stardew Valley peke yake kwa zaidi ya miaka 4, ikatoka Februari 2016 na kuuzwa mamilioni ya nakala. Sawa, lakini Barone alikuwa na shahada ya sayansi ya kompyuta, na kazi hiyo aliianza kama zoezi la kujinoa. Tena wanasema gemu ndogo hazina pesa. Isiyokwisha ina pesa gani?

Kwangu mimi hoja inayokata shauri ni hii: kumaliza gemu ni ufundi wa peke yake, na haufundishwi na kitu kingine chochote isipokuwa kumaliza. Litazame hilo bao. Mashimo 32, kete 64. Anayeliandika mara ya kwanza hudhani kazi ni kuchora ubao na kusogeza kete, na kwa Godot, injini isiyolipiwa hata senti, sehemu hiyo haimchukui muda mrefu. Hapo ndipo kazi inapoanza. Kwenye namua, awamu ya kwanza ya mchezo, kila mchezaji anaanza na kete 22 mkononi. Zilizobaki zionekane wapi kwenye kioo? Kete zikitembea polepole mchezaji anachoka, zikienda mbio haoni zimekula nini. Akifika kwenye nyumba, shimo lake kuu, ana hiari ya kulala, yaani kuishia hapo, au kusafiri, yaani kuendelea. Simu imuulizeje bila kumkatia mchezo? Akipigiwa simu katikati, akirudi anaukuta mchezo pale alipouacha? Kwenye simu ya bei ya chini kidole kimoja kinagusa mashimo mawili. Kisha inabidi ampe mzee wa barazani anayelijua bao tangu utotoni, akae kimya, amwangalie mzee akibonyeza mahali pasipo na kitufe na kuuliza kwa nini hakisogei kitu.

Hayo ndiyo yanayomfanya mtu kuwa mtengenezaji wa gemu, na yote yanakuja mwishoni. Aliyemaliza gemu 6 ndogo ameipita njia nzima mara 6. Aliyekwama kwenye kubwa anaijua hatua ya kwanza tu, hata akiikalia miaka mitano. Kila siku anaongeza mlima mmoja kwenye ramani, na hajawahi kumwona mtu mwingine akiicheza kazi yake.

Wakongwe walipita humohumo. Mwaka 1972 Nolan Bushnell wa Atari alimpokea mhandisi Allan Alcorn, ambaye hakuwahi kutengeneza gemu, akampa zoezi la kujifunzia: mpira mmoja, vibao viwili, alama juu. Zoezi hilo ndilo Pong. Markus Persson, kabla ya kuanza Minecraft mwaka 2009, alikuwa na miaka ya kutengeneza gemu ndogondogo kazini, na alishiriki Ludum Dare, shindano linalompa mtu saa 48 aanze na amalize.

Majaji wanayajua haya, na ndiyo maana uvumilivu unaniishia. Wanajua kwamba CD Projekt ya Poland, kampuni yenye mamia ya wataalamu, iliiahirisha Cyberpunk 2077 mara 3 ndani ya mwaka 2020, na ilipotoka Desemba ilikuwa na hitilafu nyingi kiasi kwamba Sony iliiondoa kwenye duka la PlayStation. Wakijua hilo, bado wanampandisha jukwaani kijana mwenye kompyuta moja ya mkononi na kumpigia makofi kwa kuahidi mzigo ulioilemea kampuni ile. Ahadi hiyo inapendeza kwenye picha za wafadhili. Taa zikizimwa, yeye ndiye anayebaki nayo chumbani, umeme ukikatika, rafiki zake wakimuuliza lini itatoka. Akishindwa atadhani hana kipaji. Huko ni kumwonea, na wanaomwonea ni watu wazima wanaoijua kazi.

Mwakani shindano liweke sharti: gemu ifunguliwe kwenye simu ya kawaida mbele ya majaji, na ichezwe mpaka mwisho na mtu ambaye hajawahi kuiona. Yule wa Majimaji apewe fedha alizoahidiwa, lakini pia apewe mtu wa kukaa naye na kumpunguzia ramani: aache kusini yote, achukue shambulio la boma la Mahenge la Agosti 1905, uwanja mmoja, mpiganaji mmoja, na ailete imekamilika.