Pisini zenu zinaosha mchanga, sisi tunakosa maji



Juma iliyopita nilikuwa nikipita Himbi asubuhi. Mbele ya nyumba moja, ambayo sitaitaja, bomba lilikuwa likimwaga maji barabarani, maji mengi, ya rangi ya majivu. Mama mmoja alikuwa ametoka ziwani na bidoni mgongoni. Akatua, akatega beseni. Kijana mlinzi akamwambia: «Mama, hayo maji ni ya kuosha kichujio cha pisini, si ya kunywa.» Mama akajibu: «Mwanangu, hata kama ni ya kufua tu.» Akajaza.

Jambo hilo ndilo linanifanya niandike.

Kichujio cha pisini nyingi ni pipa lenye mchanga. Pompa inasukuma maji yapite ndani, uchafu unabaki kwenye mchanga. Mchanga ukijaa, unageuza valvu, maji yanapita kinyume na kutupa uchafu nje. Pompa ya litri 10,000 kwa saa, ukiiachilia dakika 6, inatupa litri 1,000. Hizo ni bidoni 50 za litri 20. Kwa kipimo ambacho mashirika ya misaada yanatumia, litri 15 kwa mtu mmoja kwa siku, ni maji ya watu 66. Wengi wanafanya hivyo kila juma, hata kama mchanga haujachafuka, ju tu ni siku ya posho.

Mtaniambia: «Pisini ni pesa yangu, na inalipa wafanyakazi.» Kweli. Sisemi mzibe pisini. Lakini maji ya ziwa Kivu si ya mtu mmoja. Na mji huu unajua bei ya maji mabaya: mwaka 1994 kolera iliua makumi ya maelfu ya wakimbizi toka Rwanda hapa Goma na kandokando. Mwezi wa kwanza 2025, vita ilipoingia mjini, umeme ulikatika na robine zikakauka. Mwezi uliofuata kambi zikavunjwa. Wengi wenu mliokuwa Bulengo, Rusayo au Lushagala, mlijikuta mnagawana bidoni moja na jamaa waliowapokea.

Basi, mwenye pisini, hatua ni hizi.

Kama pisini yako ni ndogo, chagua kichujio cha kartushi. Unaitoa, unaiosha kwa mpira, hutupi litri 1,000. Kama una mchanga, chukua pipa kubwa kuliko pompa yako, maana pompa yenye nguvu kupita pipa inapitisha uchafu. Usioshe kwa kufuata kalenda. Angalia manometa: andika presha siku mchanga uko safi, na uoshe ikipanda nusu bar. Simamisha mara tu maji yanapokuwa meupe kwenye kioo. Mara nyingi dakika 3 zinatosha. Funika pisini, ju vumbi la mawe ya volkano ndilo linajaza mchanga haraka.

Tena, maji ya Kivu yana pH karibu 9. Kwa pH hiyo klore inafanya kazi vibaya, na chokaa inagandisha mchanga. Ishusha kati ya 7.2 na 7.6 kwanza. Anayemwaga klore nyingi bila kupima pH anatupa pesa.

Na maji ya kuoshea kichujio, chimba shimo ndani ya parsele yako. Usiyatoe barabarani. Ukiyatoa, mtu atayateka, umemwona yule mama.

La mwisho ndilo kubwa. Wewe mwenye pompa yako ya ziwani, mwenye tanki na klore, weka robine moja mlangoni, saa mbili kwa siku, yenye maji yaliyochujwa na kutiwa dawa kwa kipimo cha kunywa, si kile cha pisini. Kama unaweza kusafisha litri 50,000 za kuogelea, unaweza kusafisha bidoni 50 za jirani.

Kwenu wakina mama na vijana mnaoteka: maji yanayotoka kwa bomba la pisini msiyanywe, msipikie, msiyape watoto, hata yakinuka dawa. Mkiteka ziwani, chujeni kwa kitambaa safi kama yana uchafu, ju klore inashindwa ndani ya maji machafu. Kisha, mkiwakuta wanaotia klore ufukweni kwa sindano, mpite kwao, na mngoje angalau nusu saa mbele ya kunywa. 

Nitapita tena Himbi juma ijayo. Natumaini nitakuta robine pale palipokuwa bomba.

Mwandishi wenu wa habari, Goma.